Kiganja chini ya mtutu: hotuba kwa klabu ya midahalo, Dodoma

Waliokosa kikao cha Jumamosi wameniomba maneno niliyosema. Haya hapa yote, isipokuwa picha za ukutani, ambazo nimeziacha.

Mbukwenyi!

Asanteni. Mwenyekiti wa klabu, walimu, wanangu mnaosoma sheria, na wazee wenzangu mliotembea kutoka Kikuyu na Chang'ombe kwa jua hili: nawashukuru kwa kuja.

Mada mliyojipangia ni nzito. "Alama za vidole za Dallas zinatosha kumtia Lee Harvey Oswald hatiani." Oswald ndiye aliyetuhumiwa kumuua Rais John Kennedy wa Marekani mjini Dallas. Upande mmoja utatetea, mwingine utapinga, na mimi mmeniita niwaandae wote wawili. Sikuja kuwaambia nani ashinde. Nimekuja na ombi moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: kabla hujauliza alama ni ya nani, uliza imepita mikononi mwa nani.

Nianze na mama yangu.

Mnakumbuka mwaka 2019, tulipotangaziwa kwamba laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na mwisho ukasogezwa hadi Januari 20, 2020? Mnakumbuka foleni? Mama yangu alikuja mjini kutoka Mpunguzi, nikampeleka kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli. Kijana yule alikuwa mpole sana. Akamwambia, "Bibi, weka kidole hapa." Akaweka. Mashine ikakataa. "Futa kidogo, bibi." Akafuta kwenye khanga. Ikakataa. Dole gumba, likakataliwa. Kidole cha shahada, kikakataliwa. Wakaleta maji, akanawa. Wakaleta mafuta, akapaka. Bado. Nyuma yetu watu wameanza kuguna. Mama akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mimi si mimi?"

Ndugu zangu, mama yule alisaga uwele juu ya jiwe tangu akiwa binti. Alipalilia, alichota maji, alifunga mizabibu kwenye waya msimu hadi msimu. Vidole vyake vilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. Mwishowe kilichokubali ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho nadhani kilikuwa kimefanya kazi kidogo kuliko vyote.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu tumezoea kusema alama za vidole hazidanganyi. Ni kweli kwamba vijistari hivi vinajichora mtoto akiwa bado tumboni, na vinabaki na mtu mpaka kaburini. Lakini kidole ni kitu kimoja, na alama kinayoiacha ni kitu kingine. Alama ni jasho na mafuta kidogo yaliyobaki juu ya kitu. Inaweza kuwa nusu. Inaweza kuwa imeburutwa. Inaweza kukaa juu ya nyingine. Mahakamani hakiletwi kidole, inaletwa alama, na inaletwa na watu.

Elimu yenyewe ina zaidi ya karne. Mwaka 1892 huko Necochea, Argentina, alama ya damu mlangoni ilimfichua mama aliyewaua wanawe wawili na kumsingizia jirani. Pale Kolkata, Azizul Haque na Hem Chandra Bose walitengeneza hesabu ya kupanga maelfu ya kadi ili moja ipatikane haraka. Mfumo ukapewa jina la mkubwa wao Mwingereza, Edward Henry, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Scotland Yard, polisi wa London, wakauchukua mwaka 1901. Hayo mtayasoma wenyewe. Twendeni Dallas.

Ijumaa, Novemba 22, 1963. Rais John Kennedy anapigwa risasi akiwa ndani ya gari la wazi. Katika ghorofa ya sita ya ghala la vitabu vya shule, polisi wanakuta bunduki imefichwa katikati ya maboksi. Ni Mannlicher-Carcano ya Kiitaliano, namba C2766. Anayeishughulikia ni Luteni J. C. Day wa Polisi wa Dallas. Anapaka unga mweusi. Karibu na kifyatulio anaona michirizi hafifu, anaipiga picha. Kisha anaifungua bunduki, anaondoa ubao unaofunika mtutu, na chini ya mtutu anaona alama ya kiganja. Anabandika utepe wa gundi juu yake, anaunyanyua, anaubandika kwenye kadi.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, wanangu. Hakuipiga picha ile alama ya kiganja kabla ya kuinyanyua. Amri ilikuja kutoka juu: acha kazi, bunduki inachukuliwa na FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani. Karibu na saa sita usiku bunduki ikaondoka kwenda Washington. Kadi yenye kiganja ikabaki Dallas.

Asubuhi yake, mtaalamu wa FBI, Sebastian Latona, akaikagua bunduki nzima. Akasema hakuona alama ya kutambulika. Ile michirizi ya karibu na kifyatulio akaiona haitoshi. Chini ya mtutu hakuona hata dalili kwamba kuna alama imenyanyuliwa pale. Halafu Novemba 29, wiki nzima baada ya mauaji, kadi ya Day ikafika Washington. Latona akailinganisha. Jibu: kiganja cha kulia cha Lee Harvey Oswald.

Na Oswald yuko wapi wakati huo? Amekufa. Novemba 24, Jack Ruby, mwenye klabu ya usiku pale Dallas, alimpiga risasi katika chumba cha chini cha makao ya polisi, kamera za televisheni zikiwaka. Kwa hiyo hakuna hakimu aliyeisikiliza kesi ile. Hakuna wakili wa utetezi aliyesimama akamuuliza Day: "Luteni, kwa nini hukupiga picha?" Tume ya Warren, iliyoundwa kuyachunguza mauaji yale, iliwahoji mashahidi, na iliwahoji wengi, lakini tume si mahakama, na kiti cha mshtakiwa kilikuwa kitupu.

Sasa nikuulizeni. Ungekuwa wewe ndiye wakili wa Oswald, ungesema nini? Ungesema kadi imekaa Dallas siku kadhaa. Ungesema mkaguzi wa kwanza hakuona kitu. Ungesema hakuna picha. Wapo hata waliokwenda mbali zaidi, kwa sababu mzishi aliyemwandaa Oswald huko Fort Worth alisimulia baadaye kwamba maofisa walifika kuchukua alama za vidole vya maiti, na yeye akabaki akiusafisha wino mikononi mwa marehemu.

Ni hoja, na msizidharau. Lakini upande wa pili nao una jibu, na jibu hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika jalada hili.

Mtoto wa Dodoma ukitumwa mashineni kusaga, mama anakufungia mdomo wa gunia kwa kipande cha kitenge. Kwa nini? Kwa sababu pale mashineni magunia yote yanafanana. Unga ukitoka, hutambui unga, unatambua kitambaa. Basi mwaka 1964 Tume ilikuwa na wasiwasi huohuo: tutajuaje kwamba kadi hii ilitoka kwenye mtutu huu na si mahali pengine? FBI wakarudi kuitazama kadi kwa makini. Utepe wa gundi ulikuwa umebeba zaidi ya kiganja. Ulikuwa umebeba na makovu ya chuma, vijishimo na mikwaruzo ya mtutu wenyewe. Septemba 4, 1964 mkuu wa FBI, J. Edgar Hoover, akaiandikia Tume kwamba kasoro tano kwenye kadi zinalingana na kasoro tano kwenye mtutu wa C2766.

Kasoro tano. Hicho ndicho kitambaa cha kitenge, wanangu. Day hakukusudia kukifunga, chuma chenyewe kilikifunga.

Mimi nimeipima hoja hii miaka mingi, nami nasema wazi: naamini kiganja ni cha Oswald, na naamini kilitoka kwenye ule mtutu. Lakini picha moja tu, iliyopigwa usiku ule kabla ya utepe, ingewaokoa watu miaka sitini ya ugomvi. Picha moja! Wewe unayetaka kuwa mpelelezi, likumbuke hilo siku mkubwa wako atakapokupigia simu akisema acha kazi, lete kielelezo.

Tuseme basi tumekubaliana kiganja ni chake. Je, mada yenu imeshinda? Ngojeni kwanza.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa wakili kijana, nilimtetea mzee mmoja wa upande wa Mpwapwa. Ilikuwa kesi ya shamba la ekari sita. Mpinzani wake alileta karatasi ya mauziano, na chini ya karatasi kuna dole gumba kwa wino wa zambarau. Mzee akasema hajawahi kuuza. Tukaomba mtaalamu. Mtaalamu akapima, akarudi: dole ni la mzee. Nilitoka nje nimevunjika moyo, kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia mteja wangu. Nikamkuta amekaa chini ya mti. Akanitazama akasema, "Mwanangu, dole ni langu. Karatasi si yangu."

Ulikuwa mwaka wa njaa. Watu walipita vijijini wakiandikisha majina kwa ajili ya mahindi ya msaada, na yeye akaweka dole pale alipoonyeshwa. Niliirudia ile karatasi, nikaishika mbele ya dirisha. Mistari ya juu ilikuwa na nafasi, herufi kubwa, mwandishi ametulia. Kadiri ilivyoshuka kulikaribia dole, ilianza kubanana. Mstari wa mwisho herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, na neno "shilingi" lilikuwa limepinda kulikwepa dole. Nani hupindisha maandishi kukwepa kitu ambacho bado hakijawekwa? Dole lilitangulia, maneno yakafuata. Shamba lilirudi kwa mzee.

Alama inasema nani aligusa. Haisemi kwa nini. Na mara nyingi haisemi lini.

Rudini sasa Dallas na swali hilo. Kiganja kile kilikuwa sehemu ya mtutu inayofunikwa na ubao. Hukifikii mpaka bunduki iwe imefunguliwa. Kwa hiyo kinasema nini? Kinasema Oswald aliishika bunduki hii ikiwa imefunguliwa, wakati fulani. Hakisemi Ijumaa saa sita na nusu mchana. Cha kumfunga yeye na bunduki kipo kingine pia, maana iliagizwa kwa posta kwa jina la A. Hidell na mwandiko ukatambuliwa kuwa wake. Lakini huo ni ushahidi mwingine, na mada yenu inasema alama za vidole zinatosha. Someni mada yenu vizuri.

Na maboksi je? Kwenye maboksi manne ya pale dirishani zilipatikana alama 28 zinazotambulika, 20 za vidole na 8 za viganja. Za Oswald zilikuwa tatu. Zilizobaki 25, Tume ikasema 24 ni za karani wa FBI na askari wa Dallas walioyashika maboksi wakati wa upelelezi. Hebu lisikieni hilo tena. Alama tatu za mtuhumiwa, ishirini na nne za wapelelezi! Ndiyo maana nawaambia ulizeni imepita mikononi mwa nani. Na Oswald alikuwa mfanyakazi wa ghala lile. Kushika maboksi ndiyo ilikuwa kazi iliyompa mshahara. Mtu wa Majengo sokoni ukikuta alama zake kwenye matenga ya nyanya, utamshtaki kwa hilo?

Ikabaki alama moja ya kiganja isiyo na mwenyewe. Na maboksi haya, ndugu zangu, yamezaa vitabu.

Mei 1998 watu waliitisha mkutano na waandishi wa habari huko Dallas. Mtaalamu mstaafu wa polisi wa Austin, Nathan Darby, alikuwa amekula kiapo kwamba alama moja ya kwenye maboksi inalingana na kidole kidogo cha kushoto cha Malcolm Wallace. Alihesabu pointi 14 za kufanana mwanzoni. Wallace huyu alikuwa marehemu tangu 1971. Aliwahi kutiwa hatiani kwa mauaji huko Texas, na alijulikana kuwa karibu na watu wa Lyndon Johnson, makamu aliyeurithi urais. Mnaona utamu wake? Muuaji aliyethibitika, karibu na mtu aliyefaidika, kidole dirishani. Hadithi imekamilika.

FBI wakalinganisha wakasema hapana. Miaka ya baadaye mtaalamu mwingine alitumia alama za Wallace zilizo safi zaidi, zilizochukuliwa alipokuwa jeshini, naye akasema hapana. Mimi nakubaliana na hao. Lakini msimcheke Darby. Alikuwa mtu wa kazi, wa miaka mingi. Jiulizeni: mtu wa kazi anahesabuje pointi 14 za kidole kisichokuwapo?

Jibu liko Madrid. Machi 11, 2004, mabomu yaliua watu 191 kwenye treni. Ndani ya gari lililoegeshwa karibu na kituo wakakuta mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu, na juu ya mfuko alama. FBI wakaiingiza kwenye kompyuta, ikatoa majina 20 yanayokaribiana. Mmoja alikuwa wakili wa Oregon, mwenzangu wa kazi, Mmarekani aliyesilimu. Wataalamu watatu wa FBI wakasema ni yeye. Wahispania wakaandika Aprili kwamba hailingani. FBI wakashikilia ni yeye. Akakamatwa. Mahakama ikateua mtaalamu huru kwa ajili ya utetezi, naye akasema ni yeye! Wakati huohuo polisi wa Hispania wakamtaja mwenye alama: raia wa Algeria. Wakili yule alikuwa ameshakaa kizuizini wiki mbili. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi na mwaka 2006 ikamlipa dola milioni 2.

Wataalamu wanne. Hakuna aliyehongwa, hakuna aliyekuwa mjinga. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wakishamwona mtu kwenye kadi, walianza kuziona pointi za kadi ndani ya alama ya mfuko, hata pale ambapo mfuko haukuonyesha kitu. Na mtafiti Itiel Dror akalijaribu jambo hilo: aliwapa wataalamu watano jozi za alama ambazo wao wenyewe, miaka ya nyuma, walisema zinalingana. Akawaambia ndiyo zile za kosa la Madrid. Watatu wakasema hazilingani. Mmoja akasema haziwezi kuamuliwa. Mmoja tu alisimama na jibu lake la zamani. Alama zilezile! Macho yaleyale! Kilichobadilika ni neno walilosikia kabla ya kutazama.

Kwa hiyo mkisoma kwamba mwaka 1993 mtaalamu Vincent Scalice alizitazama upya picha za ile michirizi ya karibu na kifyatulio, iliyoonekana haifai miaka thelathini, na sasa akaona ni ya Oswald, mpimeni kwa mizani ileile mliyompimia Darby. Wenzake hawakukubaliana naye wote. Usimkatae mmoja kwa kuwa hupendi jibu lake na kumpokea mwingine kwa kuwa unalipenda. Hili naliona kila siku katika fani yetu na linanisikitisha.

Kabla sijamaliza, msidhani nazichukia alama za vidole. Martin Luther King alipouawa Memphis, Aprili 4, 1968, bunduki, darubini na vitu vingine viliachwa kwenye bunda mlangoni pa duka. Makarani wa FBI walikaa na kadi za zaidi ya watoro 53,000, kadi moja moja kwa macho, hakuna kompyuta. Aprili 19 wakalipata jina: James Earl Ray, mtoro wa gereza la Missouri. Juni 8 akakamatwa London akiwa na pasipoti ya Kanada. Kazi ile naivulia kofia. Lakini hata pale, ubishi uliobaki haukuwa juu ya kidole. Ray mwenyewe alikiri aliinunua bunduki. Alichokikana, hadi alipokufa mwaka 1998, ni kufyatua. Na mnakumbuka mzee wa Mpwapwa alivyosema.

Sheria yetu ya Ushahidi inapokea maoni ya mtaalamu wa alama za vidole. Inayaita maoni, na hakimu hafungwi nayo. Mahakama zetu huzitupa kesi pale mlolongo wa kielelezo, yaani kilipita mikononi mwa nani, unapokatika, na wananchi hulalamika kwamba mhalifu ameachiwa. Wanangu, siku mtakapolaumiwa kwa hilo, waonyesheni kadi ya Luteni Day.

Mdahalo ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Upande wa kutetea: nataka jibu la picha isiyopigwa, na jibu la ubao unaofunika mtutu. Upande wa kupinga: nataka jibu la makovu matano, na asije mtu hapa na kidole cha Wallace bila kusema waliomkataa walitumia alama zipi.

Pale mlangoni nimeweka pedi ya wino na karatasi nyeupe. Kila mmoja akitoka aweke dole gumba mara tatu: mara ya kwanza taratibu, mara ya pili akandamize, mara ya tatu aliburute kidogo. Msiandike majina. Jumamosi tutaanza kwa kuzichanganya, na kila mtu ajitafute.